Binamu wa Kompyuta

Kompyuta ndiyo iliyoniambia kwamba mwanamume niliyetaka anioe ni binamu yangu. Siwezi kuilaumu, maana kila ilichokijua nilikuwa nimeilisha mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, huku nikiimba.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Siku za wiki niliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Nakuru, na kila Jumamosi nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo lililo karibu na soko, kusomea mambo ya hifadhidata. Masomo hayo niliyaingia kwa hasira. Duka letu liliandika habari za wateja katika madaftari saba, na mkulima akija kuuliza jina la dawa ya kupe aliyonunua mwezi wa pili, mimi ndiye niliyepiga magoti chini ya kaunta na kuyapekua moja baada ya jingine, huku yeye akiniangalia kutoka juu na kusema, "Madam, ng'ombe anangoja." Siku moja nililifunga daftari la sita kwa kishindo, nikavua aproni, nikaenda kujiandikisha kozi saa ya chakula cha mchana.

Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, mwenye sweta la kijani na sauti ya chini iliyotulazimisha sote kukaa mbele. Alituambia kwamba data ni habari mbichi. Ukisema "saba", hujasema kitu. Ukisema "nyeusi", bado. Lakini ukisema ng'ombe mweusi wa mama fulani wa Dundori alitoa lita saba asubuhi, hapo umesema. Hifadhidata ni mahali pa kuweka habari kama hizo kwa mpangilio, katika majedwali. Jedwali moja ni la kitu kimoja: watu wana lao, ng'ombe wana lao. Kila mstari ni mtu mmoja, na kila safu inayoshuka ni jambo moja kumhusu. Kisha kuna mfumo unaoisimamia hifadhidata yenyewe, na huo alitufananishia na mwenye duka aliyejifungia nyuma ya wavu wa chuma. Wewe huingii ndani kujichukulia sukari. Unasimama dirishani, unaomba, anakuletea. Ukiomba vibaya, anakuletea kitu kingine. Ukitaka kuweka kitu ambacho sheria zake hazikiruhusu, anakirudisha.

Nilipenda mambo haya mpaka nikawa kero. Kanisani niliwapanga wanakwaya katika mistari na safu kichwani mwangu wakati wa mahubiri. Nilimwambia kondakta mmoja kwamba abiria wake wangekaa vizuri katika jedwali, akaniambia nishuke. Sikushuka, lakini sikusema tena.

Halafu kulikuwa na huyo kijana. Alikaa nyuma yangu, na kila Jumamosi alitoka Olkaria alfajiri, kule anakofanya kazi ya ufundi kwenye visima vya mvuke, akafika darasani akiwa bado na vumbi jeupe kwenye viatu. Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina niligeuka ghafla, kwa sababu nilisikia jina la kaka yangu.

"Hilo ni jina la kaka yangu," nikamwambia.

"Ni la guka wangu," akasema. Guka ndilo jina letu la babu.

"Kaka yangu pia alipewa la guka."

"Basi utanizoea haraka," akasema, na mimi, mjinga wa watu, nikamzoea siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya tatu, wakati wa mapumziko ya chai, tulishuka chini kununua smokie pasua, zile soseji zinazopasuliwa na kujazwa kachumbari, kwa kijana mwenye mkokoteni. Tulikula moja, tukaongeza ya pili. Kachumbari ilikuwa kali, tukacheka machozi yakitutoka, na tuliposhtuka wenzetu walikuwa wanashuka ngazi na mikoba begani. Somo lote lilikuwa limetupita. Nilimwuliza msichana mmoja walichofundishwa, akasema, "Ah, ufunguo tu." Nikadhani ni ufunguo wa darasa.

Mwezi uliofuata shangazi yangu mkubwa, dada ya baba, mwalimu mstaafu ambaye hata akinong'ona unamsikia ukiwa zizini, alitangaza kwamba Desemba ukoo wote wa guka utakutana shambani kwetu Dundori. Guka alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini watoto wake na wajukuu na vitukuu walikuwa wametapakaa kila mahali, na wengine hawakujuana. Ilihitajika rejista. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Lazima nieleze kidogo kuhusu majina ya kwetu, ingawa sitalitaja hata moja, kwa sababu nikilitaja la guka wataitika watu wengi mno. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Guka alizaa wavulana sita. Hesabu mwenyewe. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na huyo ndiye mimi: nina jina la shosho wangu. Na jina halikai bure. Kwa sababu mimi ni mama yake kwa jina, baba yangu huniita Mama, tangu nikiwa mchanga. Shosho naye humwita kaka yangu "mume wangu", na kaka yangu, fundi wa malori pale Salgaa mwenye mikono myeusi kwa grisi, huitika bila aibu yoyote.

Sasa chukua watu kama hao uwape fomu wajaze. Binamu mmoja mdogo alitumwa amwandikie shosho fomu yake, akaandika kila alichoambiwa. Fomu ikarudi ikisema kwamba shosho, umri miaka karibu tisini, ameolewa na fundi wa malori wa Salgaa mwenye miaka thelathini na moja. Baba yangu, kwenye safu ya mama mzazi, alikuwa amenitaja mimi, kwa upendo mkubwa na kwa herufi kubwa. Shangazi mwingine aliandika kwamba baba yake yuko kidato cha pili. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilirekebisha zote kwa mkono, nikijiona hakimu.

Wale wajukuu sita wenye jina moja niliwatenganisha kwa kuweka jina la mtu pamoja na jina la baba yake. Majina hayo mawili yakikaa pamoja, niliiambia programu, ndiyo yatakuwa utambulisho wa kila mtu. Ikakubali. Wote sita wakakaa kila mmoja kwenye mstari wake, nami nikampigia kijana wangu simu kujisifu. Akasema mimi ni hatari. Kichwa kikavimba zaidi.

Mwezi wa nane alikuja kwetu kujulikana. Alivaa koti la kuazima lililombana mabega na akabeba mkate na majani ya chai. Baba alimpenda upesi, nikaona kwa jinsi alivyomwonyesha ndama, jambo ambalo hafanyi kwa watu ovyo. Tukaingia ndani. Shangazi mkubwa akamimina chai. Kisha baba akauliza swali ambalo kila baba wa kwetu huuliza.

"Sasa kijana, nyinyi ni watu wa nani?"

Akaeleza. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka saba. Mama yake, mtu wa upande wa Kakamega, alimlea Karagita, kule Naivasha, katika chumba kimoja cha kukodisha, akifunga maua kwenye kampuni. Watu wa baba yake hakuwahi kuwajua. Alijua tu jina la guka wake, na kwamba mzee huyo alipewa shamba hapa hapa Dundori, wakati mashamba ya wazungu yalipogawiwa. Akayataja majina yote mawili ya mzee, lake na la baba yake.

Kijiko cha shangazi kikasimama kwenye kikombe. Yalikuwa majina yote mawili ya guka wangu.

"Ploti ilikuwa wapi?" baba akauliza polepole.

"Mama alisikia ni huku chini, karibu na mto."

Baba akaweka kikombe chini. "Kijana, mimi nimekupenda, na sikufichi. Lakini kama wewe ni damu yetu, hii maneno inaisha leo. Mtoto wa mtoto wa baba yangu ni mtoto wangu. Siwezi kuozesha mtoto wangu kwa mtoto wangu."

Damu ikanipanda. "Kwani majina yanafanana tu ndiyo tunakuwa ndugu? Rejista iko. Rejista itasema!"

Nikaleta laptopu pale pale mezani, nikasukuma mkate kando. Nikamwandika yeye. Nikamwandika baba yake. Nikaanza kumwandika guka wake, na programu ikakataa. Iliandika kwa rangi nyekundu: rekodi hii tayari ipo. Na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nikaingiwa na kicho. Niliona kama mashine imemtambua mzee. Nikabonyeza pale panapounganisha mtu na rekodi iliyopo, kisha nikauliza swali langu kubwa mbele ya watu wote: nionyeshe kila mtu aliye babu wa huyu na pia babu wa huyu.

Likaja jibu la mstari mmoja. Guka.

Halafu shangazi akanong'ona, na sisi wote tukasikia hadi zizini. "Nilijua. Ile ploti ya chini. Nilikuwa namwona baba akishuka mtoni jioni jioni, ameficha kitu kwa koti. Nikiwa msichana nilijua ako na nyumba nyingine huko." Alikuwa ameubeba wasiwasi huo maisha yake yote, na sasa kompyuta ilikuwa imemthibitishia. Akaanza kulia. Baba akatoka kwenda kwa ndama.

Nilimsindikiza kijana hadi langoni. Alisimama na koti lake la kuazima mkononi.

"Sasa nitakuita nani?" akauliza.

"Usiniite," nikasema, nikafunga lango.

Wiki mbili zile sitaki kuzikumbuka na nazikumbuka zote. Nililia dukani mpaka bosi akadhani dawa ya kupe imeniingia machoni, akanitoa nje ninawe uso. Usiku na mchana nilimchukia guka wangu, mtu nisiyewahi kumwona. Darasani sikwenda. Jumamosi ya tatu nilikwenda, kumwambia mwalimu kwamba naacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya mikono ya sweta. Kisha akauliza, "Ulikuwa wapi siku ya ufunguo?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa chini nakula smokie.

Mtu yule hakuwa mcheshi hata kidogo, lakini alicheka hadi akashika meza. "Ulikula smokie na huyo huyo?"

"Na huyo huyo."

"Kaa chini," akasema, na akanifundisha mimi peke yangu. Ufunguo ni kitu cha kumtambulisha mtu mmoja kwenye jedwali na asimtambulishe mwingine yeyote. Haukosi kuwepo. Haubadiliki. Watu wawili hawawezi kuwa na mmoja. Jina si ufunguo hata ukiliunganisha na la baba, kwa sababu jina watu hupeana. "Wewe uliiambia mashine kwamba jina ndilo mtu. Ukaleta mzee wa pili mwenye jina lile, ikakwambia jina limejaa. Haikusema ni mtu mmoja. Haiwezi kujua. Ilikuwa inalalamika, na wewe ukasikia ushahidi."

Niliruka kutoka kwenye kiti. "Kwa hivyo ni watu wawili!"

"Sijasema hivyo pia. Mpe kila mzee ufunguo wake na mashine itakubali kuwaweka wawili. Itakubali hata kama ni mzee mmoja umemwandika mara mbili. Kama walikuwa wawili, hilo utaambiwa na mtu aliyewaona."

Aliyewaona alikuwa mmoja tu duniani, na hakuna mtoto wake aliyethubutu kumwuliza. Utaanzaje kumwuliza mama yako wa karibu miaka tisini kama mumewe alikuwa na mwanamke mtoni? Lakini mimi nina jina la shosho. Kwa desturi yetu mimi na yeye ni mtu mmoja, na mtu haoni haya kujiuliza mwenyewe.

Nilimkuta Jumapili asubuhi ameketi juani mbele ya jikoni, anachambua mbegu za viazi kwenye gunia. Nikaketi chini karibu naye, nikaanza kuchambua pia. Nikawa natupa viazi vizima na kuweka vibovu.

"Wewe mbona unaharibu mbegu yangu?" akauliza.

"Shosho, guka alikuwa na bibi mwingine?"

Aliniangalia. Akaweka kiazi chini. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, la pili likafuata, na shosho wangu akacheka kicheko ambacho sikujua kama mwili ule mdogo unaweza kukibeba. Kuku walikimbia.

"Guka wako? Mtu alikuwa anaogopa jogoo! Mimi ndiye nilikuwa namfukuzia jogoo ndio apite aende choo. Huyo aweke nyumba mbili? Hata hii moja ilimshinda!" Akapangusa macho kwa leso. "Nani amekwambia hiyo maneno?"

"Kuna kijana. Guka wake ana majina yote ya guka, na alikuwa na ploti chini kwa mto."

"Aaah," akasema, na uso wake ukafunguka wote. "Huyo ni wa Kumi na Tisa!"

"Kumi na tisa nini?"

Ndipo akanieleza. Siku ya kugawa shamba la mzungu, watu walikusanyika uwanjani na karani akawa anaita majina, mtu anakwenda kuchukua karatasi yenye namba ya ploti yake. Karani aliita jina la guka, wakasimama wanaume wawili. Karani akakasirika, akasema mmoja wao ni mwizi. Wakaulizwa majina ya baba zao, yakafanana. Mmoja alitoka Nyeri, mwingine alizaliwa kwa mzungu kule Njoro, na hawakuwahi kuonana. Mwishowe kila mmoja akaruhusiwa kuchukua karatasi. Guka akapata sitini na mbili, huku juu. Mwenzake akapata kumi na tisa, kule mtoni.

"Sasa shida ikaanza," shosho akasema. "Barua. Sanduku la posta lilikuwa moja la shamba yote. Barua ikikuja na hilo jina, ni ya nani? Siku moja guka wako alifungua barua ikasema mama yako amekufa. Alilia siku mbili hapa, hakuli. Siku ya tatu anajitayarisha kusafiri, akasoma tena, akaona wanataja Nyeri. Yeye hana mtu Nyeri. Kumbe ni mama ya yule wa chini! Akashuka mtoni na hiyo barua. Akasema alipofika alishindwa kumwambia, wakakaa tu, halafu wakalia wote wawili, huyu kwa mama yake, huyu kwa mama ambaye bado alikuwa hai."

Nilikuwa nimeacha kuchambua.

"Tangu hiyo siku wakasema jina limetushinda. Wakaambia watu wao wote, ukiandika barua, andika na namba ya ploti. Na watu wakazoea. Mimi hata kanisani niliitwa mama wa Sitini na Mbili, watoto wangu wakidhani ni jina la shamba tu. Na guka wako jioni alikuwa anapeleka barua za mwenzake, anaziweka ndani ya koti zisinyeshewe." Akatikisa kichwa. "Walikuja kuuza, wakahama. Nilisikia kijana yao alienda Naivasha kwa maua. Huyo mvulana wako, mama yake si atajua hiyo namba? Muulize."

Sikungoja. Nilikimbilia nyuma ya jikoni, mahali ambapo simu hushika vizuri zaidi, nikampigia mama yake Karagita, mwanamke niliyekuwa nimezungumza naye mara moja tu. Nilimsalimia kwa haraka isiyo na adabu, nikamwuliza kama marehemu mumewe aliwahi kutaja kumi na tisa.

"Ee, si hilo ndilo walikuwa wanaita baba yake," akasema. "Mzee Kumi na Tisa. Mimi siku zote nilidhani alikuwa na mbuzi kumi na tisa. Kwa nini, mama? Kuna mbuzi wamebaki huko?"

Nilicheka mpaka akakata simu. Nikampigia tena kumwomba msamaha, nikacheka tena.

Wiki nzima niliitengeneza rejista upya. Wazee wote waliogawiwa mashamba niliwapa namba zao za ploti ziwe ufunguo, na kila mtu mwingine nikampa namba yake ya rejista, isiyomhusu mwingine na isiyobadilika hata akiolewa. Kwenye mstari wa kila mtoto, badala ya jina la baba, nikaweka namba ya baba, iwe inamwelekeza mstari wa mzazi wake na si wa jirani yake. Majina yakabaki, mazuri kama yalivyo, watu wapeane wanavyotaka. Guka akakaa kwenye mstari wake. Mzee wa mtoni akakaa kwenye wake. Programu haikulalamika hata mara moja, na mimi nilikuwa nimejifunza kutolichukua hilo kama ushahidi. Ushahidi wangu ulikuwa shosho na mbuzi wasiokuwepo.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, niliwaketisha wote sebuleni: baba, mama, shangazi mkubwa, kaka yangu aliyetoka Salgaa na grisi yake, na shosho kwenye kiti chenye mto. Shosho alihadithia habari za barua, na shangazi akalia upya, safari hii akimwomba baba yake msamaha kwa sauti, huku shosho akimwambia, "Ungeniuliza! Miaka yote hiyo si ungeniuliza?" Lakini baba alisema anataka kuona. Ile mashine ndiyo iliyomvunja moyo mbele ya mgeni, na ni hiyo hiyo alitaka iseme.

Nikaandika swali lile lile, neno kwa neno. Nionyeshe kila mtu aliye babu wa huyu na pia babu wa huyu. Nikabonyeza.

Jedwali likaja tupu. Vichwa vya safu juu, na chini yake weupe mtupu, na maneno madogo: hakuna rekodi iliyopatikana.

Baba alikuwa ameinama begani kwangu. Nilimwona akisoma, na nikauona uso wake ukianguka. "Imekataa," akasema kwa sauti ndogo. "Pole, Mama. Imekataa." Sikuwa nimejua mpaka dakika hiyo kwamba yeye pia alikuwa amemwomba Mungu.

"Baba, haijakataa! Hilo ndilo jibu. Imetafuta kote, haijaona mtu. Hakuna!"

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja!"

Akavuta kiti, akaketi, akavaa miwani. "Hebu fanya tena." Nikafanya. Hakuna. "Tena." Hakuna. Aliniomba mara nne, na si kwa sababu hakuamini. Kila weupe ule ulipotokea alikigonga kioo kwa kidole, akamwangalia mama, akacheka. Mama yangu ndiye aliyeshtuka kwamba kuna mtu Olkaria ambaye bado hajui.

Nikapiga simu. Alikuwa kazini, kwenye kisima, na mvuke ulinguruma nyuma yake kiasi kwamba nililazimika kupayuka.

"Hakuna!" nikasema.

"Nini?"

"Nimesema hakuna!"

"Hakuna tumaini?"

"Hakuna babu! Mimi na wewe si kitu! Husikii? Si ndugu, si binamu, si kitu kabisa!"

Sebuleni watu wote walikuwa wamesimama, hata shosho, ameshikwa mkono na mume wake wa Salgaa.

"Sema tena," akaniambia.

"Mimi na wewe si kitu!"

Akaiondoa simu mdomoni, lakini nikamsikia akiwapigia kelele wenzake wa zamu, "Si kitu changu! Jameni, huyu msichana si kitu changu!" Na wale wanaume wakashangilia kwa nguvu, bila kujua wanashangilia nini.